Zamu ya Ngamia wa Binti Yangu

Viatu vilikuwa vyekundu, vyenye ukanda mmoja wa kupita juu ya mguu na bizimu ndogo ya chuma ubavuni. Nilimnunulia binti yangu wa kwanza kwa ajili ya Idi ya kumaliza Ramadhani, akiwa na miaka tisa. Alivivaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tulikuwa tunarudi Garissa kwa basi, tumetoka kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Saa tano asubuhi, jua likiwa kali, watu sita wenye bunduki walitoka vichakani wakasimama katikati ya barabara.

Dereva alipigwa kwanza, kwa kitako cha bunduki, kosa lake likiwa kulisimamisha basi hatua chache mbele ya pale walipotaka. Tuliteremshwa tukalazwa kifudifudi mchangani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, watoto popote walipoangukia. Walichukua saa, redio, mashuka na gunia la unga la mama mmoja. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye kikohozi, alikuwa akipita anatazama miguu ya watu. Alifika kwa binti yangu akachuchumaa. Aliupima mguu wake wa kushoto kwa kiganja, toka kisigino hadi kidole gumba, polepole kama fundi cherehani.

"Vua," alimwambia kwa Kisomali.

"Ni vya mtoto hivyo," nilisema nikiwa pale chini.

"Hata mimi nina mtoto."

"Walaal, ndugu yangu, mwogope Mungu. Ni vya mtoto."

Kitako kilinipata mdomoni. Meno mawili ya mbele yalitoka. Moja nililitema, la pili nililimeza. Binti yangu alijaribu kufungua bizimu lakini ilikwama, na kijana alikuwa ameinua tena bunduki. Nilitambaa nikamfungulia mimi, cha kushoto kwanza, kisha cha kulia, na damu yangu ikadondokea kwenye ukanda. Kijana alivipangusa kwa shati lake kabla ya kuvitia kwapani. Alivipangusa vizuri.

Nyumbani, mtaa wa Waberi, binti yangu hakulizungumzia jambo hilo kwa wiki nzima. Kisha siku moja, nikinawa kwa ajili ya sala, alikuja akasimama mbele yangu.

"Aabo, mbona ulimfungulia?"

Aabo ni baba. Nilimjibu kwamba angetupiga risasi.

"Aliniambia mimi nivue. Aliyefungua ni wewe."

Nilikuwa fundi wa injini za pampu za visima. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nilijifunza kutoka kwenye vijitabu vya maelezo vilivyokuja ndani ya masanduku ya mashine, nikiwa na kamusi kuukuu isiyokuwa na jalada. Vijitabu vile vilinifundisha tabia moja: mashine ikiharibika, usianze kupiga nyundo, kaa chini uandike nini kilitangulia na nini kikafuata. Basi nilikaa nikafikiri kuhusu zawadi zote nilizowahi kumpa mtoto yule. Mwanasesere alichomwa jikoni na mdogo wake. Gauni lilichanika kwenye waya wa uzio. Mwavuli uliibwa chuo cha Kurani. Viatu vilivuliwa barabarani. Nikaona kwamba kila kitu nilichompa kilikuwa na mahali pa kushikwa na mtu mwingine. Niliamua kwamba Idi inayofuata, ile ya kuchinja, nitampa kitu ambacho hakuna mtu atakayeweza kumwambia akivue.

Siku hizi nawasikia wazazi wenye elimu wakisema vivyo hivyo: usimpe mtoto vitu, mpe safari, mpe jambo la kukumbuka. Mimi nililifikia wazo hilo peke yangu, nikiwa na pengo mdomoni, na nililiona kubwa sana.

Zawadi yenyewe ilikuwapo tayari, ila alikuwa hajawahi kuiona. Kwetu mtoto akizaliwa hutengewa ngamia jike, na kipande cha kitovu kilichokauka hufungwa kwenye nywele za mkia wa ngamia huyo. Kwa kawaida hufanyiwa mtoto wa kiume. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisisitiza kwamba mjukuu wake wa kwanza afanyiwe hata kama ni msichana, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Ndama yule alibaki kwenye kundi la kaka yangu mkubwa upande wa Elwak, na sisi tukabaki Garissa. Madereva wa malori walituletea habari zake. Amekua. Amezaa. Ndama wa kwanza ameliwa na fisi. Amezaa tena. Binti yangu alimjua ngamia wake kama vile watoto wengine wanavyomjua shangazi anayeishi mbali.

Nilimwambia: tutakwenda Elwak, na pale kisimani utamnywesha wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Toka siku hiyo alifanya mazoezi. Tulikuwa na mbuzi mmoja uani. Alichukua mkebe wa mafuta, akaujaza kwenye pipa, akatembea nao hadi kwenye karai la mbuzi bila kumwaga, mara ishirini kwa siku, hadi mbuzi akawa akimwona anakimbia.

Mke wangu hakupendezwa.

"Mtoto anataka viatu," alisema. "Wewe unampa barabara. Tena barabara ile ile ya majambazi."

"Tutakwenda na msafara wa polisi."

"Polisi wenyewe hupigwa risasi. Baba yake, kwani ukinunua viatu vingine pua yako itaanguka?"

"Vitachukuliwa."

"Basi vikichukuliwa nunua tena! Watu hufanya hivyo. Wewe tu ndiye unataka kumshinda jambazi kwa akili."

Nilitoka kwenda kuulizia lori la Elwak.

Mwaka ule Idi ya kuchinja iliangukia likizo ya Aprili, na mvua zilikuwa zimechelewa. Ulikuwa mwaka wa ukame, kabla ya mafuriko makubwa ya El Niño. Kando ya barabara ya Wajir ng'ombe walikuwa wamelala wamekufa, ngozi zimebaki juu ya mifupa kama mahema yaliyoanguka. Binti yangu alikaa juu ya magunia ya sukari nyuma ya lori, kichwa amekifunga kwa mtandio, na hakuuliza habari za ng'ombe wale. Aliuliza mara tatu kama ngamia wake ana alama. Nilimwambia ana alama ya moto shavuni, na kwamba sikio la kulia limekatwa ncha.

Lori lilipasuka magurudumu mawili, na safari ya siku mbili ikawa ya siku tatu. Tuliingia Elwak alasiri ya mwisho. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa askari wa msafara, mtu wa bara, mwenye sauti ya kuchoka.

"Kesho saa nane tunaondoka, mzee. Saa nane ni saa nane. Usipokuwa hapa tunakuacha."

"Na msafara mwingine?"

"Labda wiki moja. Labda mbili. Lafey kumechafuka, askari wanahitajika huko."

Kazini nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku nane. Nilichukua saa yangu, niliyoificha ndani ya soksi njia nzima, nikafanya hesabu. Asubuhi moja ilitosha.

Kaka yangu alitupokea kambini kwake kwa furaha nyingi na maneno machache. Alimnyanyua binti yangu, akamweka chini, akamtazama miguu. Binti yangu alikuwa amevaa ndala za mama yake.

"Hii ndiyo miguu ya mjini?" kaka yangu alimwambia. "Laini kama siagi. Kesho miiba itafurahi."

"Adeer, ngamia wangu yuko wapi?"

"Ana kiu. Hana hamu ya wageni leo. Kesho akinywa atakusalimu."

Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa. Kaka yangu alicheka, akaniambia pembeni kwamba zamu yetu kisimani ni alasiri, baada ya sala. Asubuhi ilikuwa ya majirani zetu wa ukoo mwingine, ambao ngamia wao walikuwa wamekaa siku kumi na nne bila maji. Wetu walikuwa wamekaa kumi na mbili.

"Alasiri tutakuwa tumeondoka," nilisema. "Msafara ni saa nane."

"Basi msikilize wimbo, mle nyama, mwende. Atamnywesha mwaka ujao."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameusikia mkataa huo na alikuwa amesimama na mkebe wake wa mafuta, aliokuja nao toka Garissa, ameukumbatia kwa mikono miwili.

Asubuhi tulikwenda kisimani. Asiyevijua visima vya Elwak aelewe kwamba si kisima cha kamba na kapi. Ni shimo lililochongwa kwenye mwamba mweupe, na ndani yake, toka juu hadi kwenye maji, kuna vidato vya kusimamia. Wanaume watano au sita husimama mmoja juu ya mwingine, wa chini miguu ikiwa majini, na ndoo hupanda mikononi mwao hadi kwenye hori la udongo lililojengwa ukingoni. Wanaimba wakati wote. Wimbo si mapambo. Ndio unaoiongoza mikono. Wimbo ukikatika ndoo huanguka, na ndoo ikianguka inamwangukia mtu.

Ngamia wa majirani walikuwa wanakunywa kumi kumi. Wengine walilala mbali wakingoja kuitwa. Wetu kaka yangu alikuwa amewazuia upande wa pili, hatua kama mia tatu, upepo ukiwatoka wao kuja kwetu, ili wasinuse maji. Msimamizi wa hori alikuwa mzee wa majirani, mwenye ndevu zilizopakwa hina na fimbo ndefu. Alitusalimu vizuri. Alimuuliza binti yangu kama huko Garissa watu hunywa maji kutoka kwenye chuma, naye akajibu ndiyo, kuna mfereji.

"Na chuma kinaimba?"

"Hapana."

"Maskini," alisema mzee, na waliokuwa karibu wakacheka.

Mimi nilikuwa natazama saa. Nilihesabu ndoo: nne kwa dakika. Kila ndoo ilikuwa dumu lililokatwa, lita nane hivi. Ngamia mmoja mwenye kiu ya siku kumi na mbili atakunywa kama lita tisini na sita, yaani ndoo kumi na mbili, yaani dakika tatu. Ongeza kumleta na kumwondoa. Dakika kumi. Nilimfuata kaka yangu nikamweleza.

"Dakika kumi katika asubuhi nzima," nilisema. "Ngamia mmoja tu. Mwombe mzee."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimwomba atakubali. Ni mtu wa haya. Akikubali, vijana wake wataona wamedharauliwa, na alasiri mimi ndiye nitakayekuwa hapa, wewe uko kwenye lori. Hapa hakuna dakika, walaal. Kuna wao, halafu sisi."

Alikuwa amesema kila kitu. Nilimsikia, na nikaona kwamba ni fikra za mtu asiyekuwa na saa.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika kama kilivyokuwa. Kuna sheria mbili kisimani, na kila mtoto wa huko anazijua. Maji ya mtu hayana zamu: mgeni akisema ana kiu, hata awe adui, anapewa ndoo palepale. Maji ya mnyama yana zamu. Nilimtuma kijana mmoja wa kaka yangu amlete ngamia wa binti yangu taratibu, nikimwambia mtoto anataka kumwona kwa karibu. Kijana akamleta, na ndama wake wa mwaka mmoja akimfuata. Ngamia alikuwa mrefu, rangi ya mchanga, shavu na sikio kama nilivyosema. Binti yangu alimwekea mkono shingoni.

Kisha nilimwinamia sikioni. "Mwambie mzee una kiu. Akikupa ndoo, kunywa kidogo. Inayobaki mimina pale mwisho wa hori."

"Adeer alisema alasiri."

"Mimi ndiye baba yako."

Alikwenda. Mzee alimpa ndoo iliyojaa, akaishika chini yake ili isimlemee. Binti yangu alikunywa. Halafu aliibeba ndoo kama alivyozoea kubeba mkebe, bila kumwaga, hatua saba, akaimimina mwisho wa hori mbele ya mdomo wa ngamia wake.

Ngamia aliteremsha shingo akanywa. Sauti ya ngamia mwenye kiu akinyonya maji husikika mbali.

Nilikuwa nimehesabu ngamia mmoja. Sikuhesabu pua za wale wengine. Kijana aliyemleta alikuwa mmoja wa wawili waliokuwa wakiwazuia, na alikuwa amebaki kwetu kutazama. Upepo uligeuka, au labda haukugeuka na sauti peke yake ilitosha. Kundi la kaka yangu liliinuka lote kwa pamoja likaja.

Ngamia thelathini na kitu wenye kiu hawana breki. Walilifikia hori ubavuni, wakawasukuma wale wa majirani, wakapanda juu yake. Udongo ulivunjika. Maji ya kazi ya asubuhi nzima yaliingia mchangani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. Kipande cha ukingo, ukubwa wa kichwa cha mtu, kilitumbukia ndani ya shimo. Wimbo ulikatika. Kutoka chini ilitoka sauti moja ya mwanaume, fupi.

"Mmemwua!" mtu alipiga kelele. "Mmemwua ndani!"

Kijana mmoja wa majirani alimpiga ngamia wa kwanza machoni kwa hangool, ile fimbo ya panda ya kuvutia miiba. Kaka yangu alimpiga kijana yule mgongoni. Baada ya hapo sikuweza kufuata nani alimpiga nani, ingawa nimejaribu mara nyingi kulipanga. Najua kwamba watu kama ishirini walikuwa wanapigana ndani ya nafasi ya ukumbi mdogo, katikati ya miguu ya ngamia. Najua sauti ya fimbo ngumu juu ya mfupa, kavu, isiyofanana na ile ya fimbo juu ya nyama. Mtu mmoja aliketi chini ghafla akishika sikio lililoning'inia. Mwingine, mwenye ndevu nusu, alikuwa anamsukuma kaka yangu kuelekea mdomo wa shimo, na kaka yangu aliinua mkono kukinga kichwa, na mkono ukavunjika mbele yangu. Niliona pale kati ya kiwiko na kiganja umepata pembe ambayo mkono hauna. Nilimrukia yule mtu mgongoni. Nilimng'ata shingo kwa meno yaliyobaki. Nilikuwa mtu wa vitabu, sikuwahi kupigana tangu utotoni, na nilimng'ata hadi nikaonja chumvi. Mtu fulani akanipasua kichwa kutoka nyuma.

Nilipoanguka nilimwona binti yangu. Alikuwa amebanwa kati ya hori lililovunjika na ngamia wake, ndoo tupu kifuani. Kijana aliyepigwa na kaka yangu alikuwa amechomoa kisu cha kiunoni. Hakumgusa mtoto. Alizunguka nyuma ya ngamia, akainama, akakata mshipa wa kisigino mguu wa nyuma wa kulia, kisha wa kushoto, kwa mipigo miwili, kama mtu anayekata kamba za mzigo. Ngamia alikaa. Alijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele akakaa tena, na safari hii alilia.

Mzee mwenye hina alichukua bunduki kutoka kwa mtu, akapiga risasi mbili juu. Kila mtu akasimama mahali alipokuwa. Wengine fimbo zao zilikuwa bado juu.

"Mtoeni aliye chini," alisema.

Walimtoa. Alikuwa hai, mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na nusu ya uso ilikuwa nyekundu. Wa kwetu na wa kwao walimvuta kwa pamoja, kwa sababu vidatoni walikuwa wamebaki wa kwao na mikono mizima ya kupokea juu ilikuwa ya kwetu. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

Mzee alimtazama kaka yangu. "Nani aliwaachia?"

Kaka yangu alikuwa ameketi, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hakunitazama hata kidogo. "Mimi," alisema.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimtuma mtoto aombe maji ya mtu, akampa mnyama. Ndugu yangu alikataa."

Mzee alinisogelea. Nilitamani anipige.

"Una kisomo?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Inaonekana," alisema, akaniacha.

Alikwenda kwa ngamia aliyekaa. Miguu ya nyuma ilikuwa imelala ndani ya damu na tope, na ndama alikuwa akimsukuma mama yake ubavuni ili asimame. Ngamia aliyekatwa hivyo haponi. Mzee aliuliza mwenyewe ni nani, kwa sababu mnyama wa mtu hachinjwi bila neno la mwenyewe. Kaka yangu alinyoosha kidevu kumwonyesha binti yangu.

"Huyu?"

"Wa kitovu chake."

Mzee alichuchumaa mbele ya mtoto, kama alivyochuchumaa yule kijana wa barabarani, nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua alikuwa anasema naye kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu hutumia kwa mtu mzima.

"Binti, ngamia wako hatasimama tena. Akifa hivi hivi ni mzoga. Unasemaje?"

Binti yangu hakulia. Alinitazama mara moja, kisha akamgeukia mzee.

"Hajashiba," alisema. "Alikunywa moja tu."

Kwetu mnyama hupewa maji kabla ya kisu. Mzee alijua hivyo, na kila mtu pale alijua. Alisimama akaelekea kwenye shimo. "Choteni ndoo," alisema.

"Adeer, ngamia huyo ni wa kwao!" alisema yule kijana wa kisu, pua ikimvuja damu. "Hata hori hatuna!"

"Nimesema choteni ndoo. Na wewe ndiye utakayeingia chini."

Kijana aliingia. Waliteremka watano, wawili wakiwa wa kaka yangu, kwa kuwa majirani walikuwa wamepungukiwa. Mwanzoni hawakuimba, na ndoo mbili zilianguka. Kisha mmoja akaanza, wakafuatana. Binti yangu alipokea kila ndoo ukingoni, akatembea nayo hadi pale ngamia alipokaa, akaimimina kwenye karai la bati lililoletwa na watu wale. Alimwaga kidogo sana. Nilihesabu, sijui kwa nini. Mikono ilikuwa inashika kichwa changu kilichopasuka na midomo ilikuwa inahesabu. Alipeleka ndoo tisa. Ya kumi ngamia aliigusa kwa midomo akaiacha.

"Sasa ameshiba," binti yangu alisema.

Mzee alimchinja yeye mwenyewe, akimwelekeza kibla, na hakuruhusu kijana yeyote kushika kisu. Nyama iligawanywa mafungu mawili, na nundu yote, yenye mafuta, alipelekewa yule wa bega. Wazee wa pande mbili walikaa chini ya kivuli cha turubai hadi adhuhuri wakizungumza habari za mkono na bega na sikio. Sikuitwa. Saa nane nilisikia malori ya msafara yakinguruma upande wa mjini, kisha yakaondoka.

Hori lilijengwa upya kwa udongo wa pande zote mbili. Majirani walimaliza zamu yao. Kisha, baada ya sala ya alasiri, kama kaka yangu alivyosema, zamu yetu ikafika. Alikuwa amefungwa mkono kwa vijiti na kamba, na alisimamia hori kwa mkono mmoja akiwaita ngamia kumi kumi. Ndama asiye na mama alikataa kuja na wengine. Binti yangu aliomba ndoo yake mwenyewe. Wakamjazia hadi juu, kwa kuwa walikuwa wameuona uwezo wake.

Ilikuwa nzito kuliko zile za asubuhi, au yeye alikuwa amechoka. Ndala zilimkatikia njiani, akazipiga teke pembeni, akaendelea pekupeku juu ya miiba. Aliinama upande mmoja, maji yakamruka. Nilikuwa karibu. Nilinyoosha mkono kumpokea.

Aliivuta ndoo upande wa pili, mbali nami.

"Niache, aabo," alisema. "Naiweza."

Akampelekea ndama maji.